Unga wa Profesa

Jino la Profesa lilikuwa limelala kwenye kizingiti cha duka, na Koplo nusura alikanyage.

"Mguu wako," Inspekta alisema.

Koplo akabaki na mguu mmoja hewani kama kuku, akatazama chini, akarudi nyuma taratibu. Inspekta aliinama. Lilikuwa jino la mbele, zima, na damu kwenye mzizi wake ilikuwa imekauka ikawa nyeusi. Aliweka kibao cha alama pembeni yake, kisha akaingia ndani akiambaa na ukuta.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chembamba chenye rafu mpaka darini. Kulikuwa na vitamini za kila herufi, vidonge vya madini ya chuma, mafuta ya samaki, unga wa kunenepesha na unga wa kukondesha vikikaa jirani bila kugombana. Rafu moja ilikuwa imeng'oka ukutani. Vidonge vya mafuta ya samaki vilikuwa vimekanyagwa vikapasuka, mafuta yakachanganyika na damu, na sakafu nzima ilikuwa inateleza na kunuka.

Mwenye duka alikuwa nyuma ya kaunta, kifudifudi, ndani ya koti lake jeupe. Kisogo chake kilikuwa kimebonyea. Aliyempiga hakutosheka na pigo la kwanza wala la pili, kwa sababu damu ilikuwa imerukia mpaka kwenye taa. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimevunjika vyote. Alikuwa amejikinga kichwa kwa mkono ule, na mkono haukusaidia.

"Udaktari alisomea wapi huyu?" Inspekta aliuliza.

"Hakusoma, afande. Koti alinunua. Uprofesa mtaa ndio uliompa, kwa ajili ya miwani na maneno marefu."

Inspekta alipiga magoti. Chini ya kaunta kulikuwa na kinu cha chuma, kile kidogo cha kupondea dawa, na ndani yake kulibaki unga mweupe. Mchi wake haukuwepo. Alitazama chini ya rafu iliyoanguka, nyuma ya mlango, ndani ya pipa la taka. Haukuwepo.

"Kifunge kinu hiki vizuri kiende maabara," alisema. "Na usikipanguse."

Nje, kwenye ngazi, alikaa kaka wa mjane wa Profesa. Ndiye aliyefungua duka asubuhi ile akaukuta mwili. Alikuwa mtunza stoo katika ghala la dawa mtaa wa pili, mwanamume mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi, macho mekundu kwa kulia. Hakungoja kuulizwa.

"Ni Bucha," alisema. "Yule muuza nyama wa pale kona. Jana mchana alimtoa shemeji yangu jino mbele za watu. Muulize yeyote. Shemeji hakuwa na adui mwingine duniani."

"Alimpigia nini?"

"Mke wa Bucha ana ugonjwa wa utumbo, wa miaka mingi. Alikuwa ananunua vitamini hapa. Sasa amezidiwa yuko hospitali. Mgonjwa akizidiwa lazima apatikane wa kulaumiwa."

"Wewe jana ulikuwa wapi?"

"Kazini, afande. Sikutoka ghalani mpaka jioni."

Walimkuta Bucha kwenye bucha lake akikata paja la ng'ombe. Aliwaona, akapiga shoka pigo la mwisho, mfupa ukaachana, akaliweka shoka mezani na kujifuta mikono. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimechubuka na kuvimba.

"Nilikuwa nawasubiri," alisema.

Kituoni alikalia kiti ambacho hakikumtosha. Koplo alisimama mlangoni, mkono kwenye kirungu, kwa sababu Bucha alikuwa mtu wa kujaza mlango.

"Nilimpiga," Bucha alisema. "Nimeshasema. Unataka niimbe?"

"Nataka uanze mwanzo."

Bucha alitazama mikono yake. Mkewe, alisema, ni mshonaji. Alimwoa akiwa tayari anaumwa. Utumbo wake huvimba, hutoka vidonda, huvuja damu, kisha hutulia miezi kadhaa, halafu huanza tena. Aliwahi kukatwa kipande. Dawa za hospitali alikuwa akinywa bila kukosa, na vitamini alizoandikiwa na daktari wake pia.

"Hizo sina ugomvi nazo," alisema. "Chuma, kwa sababu damu inapotea. Vitamini D, ya mifupa. Na sindano ya B12, maana kile kipande alichokatwa ndicho kilichokuwa kinaifyonza kwenye chakula. Hayo yote daktari alitueleza, tukaelewa. Halafu akaja Profesa na unga wake. Kopo limeandikwa vitamini C na zinki. Kijiko kimoja asubuhi."

"Ukamdhuru?"

"Ungemdhuru siku ile ile ningeutupa siku ile ile. Ulimponya, afande. Maumivu yakaisha. Mke wangu akawa anakula mpaka ananishinda. Akawa halali, anashona mpaka kunakucha. Na kimyakimya akaziacha dawa za hospitali, kwani za nini tena? Nilikuja kuushtukia uso. Ulivimba ukawa duara kama sahani. Nikamwambia, mke wangu, huu si unene. Akakasirika. Nikayachukua makopo yote nikayamwaga chooni."

"Kisha?"

"Siku chache tu, akaanza kutapika. Akashindwa kusimama. Jana asubuhi alizimia mikononi mwangu, mwili baridi kama nyama ya friji. Nikamkimbiza hospitali, nikamwacha na dripu, nikaenda dukani."

"Ulimwambia nini Profesa?"

"Nilimwambia nimeyamwaga makopo yako yote, na mke wangu anakufa. Akanishika shati. 'Yote? Kwa mara moja?' Anauliza hivyo hivyo, macho yamemtoka. Akataka kuendelea kusema. Nikampiga mdomoni, jino likaruka. Nikampiga tena, akaenda na rafu chini. Akatambaa nyuma ya kaunta. Nikamfuata, nikamkanyaga mbavu. Zililia. Watu wakaingia wakanivuta."

"Ulimpiga na kitu gani?"

Bucha aliinua mikono. "Na hii. Hii inatenganisha ng'ombe. Ningetaka kumuua angekufa pale pale mbele za watu, na sasa hivi ningekuwa nimekuambia."

"Baadaye hukurudi?"

"Nilirudi hospitali. Walinzi walinitoa wodini, nikalala uani."

"Huko uani nani alikuona?"

"Hakuna."

Koplo alimfungia mahabusu, akarudi akisugua viganja. "Hii imeisha, afande. Mashahidi wapo, jino lipo, mikono yake tumeiona."

"Mchi uko wapi?"

"Ameutupa."

"Amesema amemvunja mbavu, tena bila kuulizwa. Mtu anayekiri mbavu ataficha mchi?" Inspekta alichukua funguo za gari. "Twende tukamwone mwenzetu wa maiti."

Daktari wa maiti alikuwa mzee mwenye mikono mikubwa, asiyependa maneno. Alikuwa ameshamgeuza Profesa chali na kumfungua mdomo kwa koleo.

"Mbavu tatu," alisema. "Teke. Mdomo, ngumi. Kichwa, chuma cha mviringo, kizito upande mmoja. Mapigo ya kichwa yalikuja baada ya mdomo. Muda mrefu baadaye."

"Umejuaje?"

"Midomo ilikuwa imeshavimba, damu ya ufizi imeshaganda. Na hii." Aliingiza koleo, akavuta kutoka pengoni kipande cha pamba kilichoviringishwa vizuri, chekundu upande mmoja. "Aliiweka mwenyewe, akaing'ata kuzuia damu. Sijawahi kuona maiti inayojitibu."

Koplo alikitazama kipande kile cha pamba, akasahau kusugua viganja.

Hospitali, mke wa Bucha alikuwa amelala, mashine ikihesabu mapigo ya moyo wake. Mashavu yake yalikuwa mazito na ya mviringo, lakini mikono iliyokuwa juu ya shuka ilikuwa imekonda, mifupa ikionekana. Inspekta aliutazama uso, akaitazama mikono, akamgeukia daktari wa matumbo.

"Vitamini gani inavimbisha uso peke yake?"

"Hakuna," daktari alisema. "Uso kama huo naujua. Ni wa mtu anayetumia steroidi kwa wingi. Sisi huwapa wagonjwa wa utumbo utumbo unapowaka moto, kwa muda, tukihesabu kila kidonge, kisha tunazipunguza taratibu. Huwezi kuziacha ghafla. Mwili unaopewa kutoka nje huacha kutengeneza zake. Ukikata siku moja, presha inaporomoka, na mtu anakufa."

"Mumewe aliukata ule unga siku moja."

"Bila kujua. Wala sisi hatukujua. Yeye mwenyewe hakutuambia habari za ule unga, aliona aibu kuwa ameacha dawa zetu. Tulimwekea dripu juu ya dripu, presha haipandi. Jana alasiri nilikuwa nimeshamwita mumewe ili aage. Wakati huo ndipo simu ilipopigwa."

Inspekta aliondoa macho kwa mgonjwa. "Simu ya nani?"

Daktari alimwita muuguzi aliyeipokea. Alikuwa dada mwenye sauti ndogo, na alilikumbuka kila neno.

"Mwanamume," alisema. "Alisema, 'Mke wa Bucha, yule wa utumbo, mchomeni steroidi sasa hivi. Hakuwa anakunywa vitamini, alikuwa anakunywa steroidi.' Akaanza kutaja kiasi. Niliomba arudie, maana hakuwa anasikika vizuri. Alikuwa anaongea kama mtu mwenye kitu mdomoni."

"Pamba," Koplo alisema polepole.

"Mkamchoma?"

"Tulimchoma," daktari alisema. "Sikuwa na kingine cha kujaribu. Baada ya muda mfupi presha ikapanda. Mtu yule, yeyote aliyekuwa, ndiye aliyemrudisha."

"Simu iliishaje?" Inspekta alimwuliza muuguzi.

"Ilikatika katikati ya neno. Kabla haijakatika nilisikia mlango, kisha sauti nyingine kwa mbali. Ya mwanamume. Ilisema, 'Shemeji, unaongea na nani?'"

Inspekta alimshukuru. Kwenye korido alitembea haraka kiasi kwamba Koplo alilazimika kukimbia.

"Mtaa mzima unamwita Profesa," alisema. "Mtoto, mzee, Bucha mwenyewe. Leo asubuhi ni nani aliyemwita shemeji?"

Koplo alitangulia nje mbio. Akafungua mlango wa gari.

Ghala la dawa lilikuwa refu na lenye joto, maboksi yamepangwa mpaka juu, na njia nyembamba katikati. Msimamizi, mlangoni, alisema ndiyo, mtunza stoo yuko ndani, amekuja kazini hata siku ya msiba, maskini. Na jana alasiri? Jana alasiri alitoka kupeleka mzigo, akachelewa kurudi, akarudi na shati jingine.

Walimkuta mwisho wa njia, akifungua boksi kwa kisu cha kukatia karatasi. Ubavuni mwa boksi liliandikwa jina la vidonge vya steroidi.

"Pole tena kwa msiba," Inspekta alisema.

"Asante, afande. Amekubali, yule Bucha?"

"Amekubali mbavu na jino. Niambie, mjane ana ndugu wangapi wa kiume?"

"Mimi tu. Tulizaliwa wawili."

"Kwa hiyo ni wewe tu uliyekuwa unamwita marehemu shemeji."

Kisu kilisimama ndani ya boksi.

"Jana alipiga simu hospitali," Inspekta aliendelea. "Uliingia ukamwuliza anaongea na nani. Muuguzi alikusikia."

Mtunza stoo alikuja bila kupiga kelele. Kisu kilipita mbele ya uso wa Inspekta, akainua mkono, ukali ukampasua kutoka kiwiko mpaka karibu na kifundo. Damu ilirukia maboksi. Koplo aliruka, na mtunza stoo akaisukuma rafu kwa bega. Rafu ikainama, ikaja chini na mzigo wake wote, Koplo akatoweka chini ya katoni huku akitukana.

Kisu kilirudi. Inspekta alimshika mkono ule kwa mkono wake mzima, wakagongana na ukuta, kichwa chake kikagonga mtungi wa kuzimia moto uliokuwa umetundikwa pale. Mtunza stoo alikuwa mwembamba lakini alikuwa na nguvu za mtu aliyezoea kubeba. Alimpiga goti tumboni, mara mbili. Alimkaba koo. Inspekta aliuachia mkono wa kisu, akapapasa nyuma, akaung'oa mtungi kwenye ndoano na kuuzungusha kwa nguvu zote alizobaki nazo. Ulimpata mtunza stoo begani. Mfupa ulitoa sauti kama kijiti kikavu. Kisu kikaanguka. Akauzungusha tena, chini zaidi, goti likakunjika upande usiokunjika, na mtu akaenda sakafuni akilia kwa sauti.

Inspekta alimkalia mgongoni. Damu ya mkono wake ilikuwa inamdondokea shingoni mwa yule mtu.

"Mchi uko wapi?"

"Bega langu, afande."

"Mchi."

"Kwenye tangi. Tangi la maji, juu ya paa la ghala hili."

Msimamizi wa ghala, aliyekuwa amekuja mbio, alikuwa ameshika kikombe cha maji. Alikiweka chini.

"Vidonge ulikuwa unavitoa hapa," Inspekta alisema. "Mnavisaga kule dukani, mnachanganya na sukari ili uchungu ufichike."

"Alikuwa anajua! Msimfanye mtakatifu. Miaka yote alikuwa anajua kuna nini ndani. Watu wanapona, wanarudi, wanaleta jamaa zao. Jana yule mwendawazimu anampiga, na yeye badala ya kumchukia, anashika simu. Nilimwambia kata. Nikaipokonya, nikaizima. Akasema atakwenda hospitali mwenyewe kwa miguu. Anataka kwenda kusema yote, majina yetu wote wawili, mdomo umejaa pamba. Nilimwambia, shemeji, kaa chini. Hakukaa."

"Ukachukua mchi."

"Angekaa tu," mtunza stoo alisema, uso wake ukiwa sakafuni. "Angekaa tu chini."

Koplo alitoka chini ya katoni, pua yake imevunjika, akamfunga pingu. Inspekta alijifunga mkono kwa bandeji aliyoitoa kwenye boksi la ghala lile lile, kisha akamtuma Koplo kwenye gari la vipaza sauti. Alasiri yote lilizunguka mitaani likitangaza kwamba yeyote mwenye kopo la unga wa Profesa asiumwage na asiuache ghafla, aende nao hospitali. Kufikia jioni foleni ya wenye nyuso za mviringo ilikuwa imetoka nje ya lango. Baadhi walikuwa na ugonjwa wa utumbo, wengine wa viungo, wengine walitaka tu kunenepa. Daktari wa matumbo alikuwa anawapokea mmoja mmoja, mikono ya koti amekunja.

Kesho yake Inspekta alimtoa Bucha mahabusu.

"Shtaka la kujeruhi linabaki," alimwambia. "La kuua limekwenda kwa mwenyewe."

Kisha akamweleza habari za simu. Alimweleza mara moja, bila kupunguza. Bucha alisikiliza akiwa amesimama, halafu akakaa kwenye benchi la kaunta, na hakuinuka mpaka Koplo alipomgusa bega.

Wodini mkewe alikuwa ameamka. Rangi ilikuwa imemrudi midomoni, na mbele yake kulikuwa na uji aliokuwa ameunywa nusu. Alimnyooshea mumewe mkono, naye akaushika kwa mikono yake miwili, akapiga magoti kando ya kitanda ili wawe sawa.

"Daktari ameniambia kuna mtu alipiga simu," mkewe alisema. "Anasema bila hiyo simu ningekuwa nimeshazikwa. Mmemjua ni nani?"

Bucha alimgeukia Inspekta aliyekuwa mlangoni. Inspekta hakumsaidia.

"Ni Profesa," Bucha alisema.

"Basi twende tukamshukuru nikitoka. Hata kama unga ni wake. Alikuwa na lazima gani ya kupiga?"

"Amekufa, mke wangu. Shemeji yake amemuua, kwa sababu ya hiyo simu. Anazikwa leo."

Mwanamke alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa anaangalia vifundo vya vidole vya mumewe, magamba ya damu juu yake.

"Na hivi ni vya nini?"

"Nilikwenda dukani kwake. Nilimpiga."

"Ulimpiga sana?"

"Sana."

"Kabla hajapiga simu, au baada?"

Kwenye kitanda cha jirani mtu alikohoa, akanyamaza.

"Kabla," Bucha alisema. "Alitaka kunieleza namna ya kukuokoa. Nilimpiga ili anyamaze."

Mkewe aliutoa mkono wake taratibu kutoka katikati ya mikono yake, akauweka juu ya shuka.

"Mjane wake anazika leo," alisema. "Nenda ukabebe jeneza. Wakikufukuza, simama nje ya lango mpaka wamalize. Usirudi hapa kabla."

Bucha aliinuka, akampita Inspekta mlangoni, akashuka ngazi.